Upande Usiokauka

Mwanza,
14 Machi 1976

Kaka yangu Rugemalira,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa ninajikuna, na sababu yake utaisoma hapo chini. Natumaini barua hii itawakuta wewe na shemeji Specioza mkiwa wazima, na miguu ya shangazi Wilhelmina imepungua kuvimba, na migomba imepata mvua. Huku kwetu mvua inanyesha juu ya mawe na kurudi ziwani ilikotoka, hakuna anayefaidi.

Kaka, nimepata nafasi. Nimechaguliwa kwenye mafunzo ya kutengeneza boti za faibaglasi, katika karakana mpya huku upande wa Ilemela. Tuko kumi na wawili, wawili kati yetu wanawake. Mwalimu wetu ni Bwana Halvor, mtu wa Norwe, mrefu, masikio mekundu kama pilipili. Kiswahili chake ni cha miezi minne, lakini neno moja amelijua kabisa, nalo ni "bado". Ukimpelekea kazi yako anaitazama, anaigusa kwa kidole gumba, kisha anaigonga kwa shilingi. Ikilia vizuri anapita bila kusema kitu. Isipomridhisha anasema "bado", nawe unachukua nyundo, unabomoa na kuanza upya. Hakuna kurekebisha wala kubembelezana.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Unakuwa na kalibu yenye umbo la boti. Unatandika ndani yake mkeka wa nyuzi za kioo, laini kama pamba. Unaupaka gundi nzito kama asali, iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, kisha unaukandamiza kwa rola mpaka hewa yote itoke. Halafu mkeka mwingine juu yake, na gundi nyingine. Kesho yake unatoa kitu kigumu kuliko mti, kisichooza wala kuliwa na mchwa. Siri yote iko kwenye dawa. Ikizidi, gundi inachemka na kupasuka huku unaiona. Ikipungua, haikauki maisha. Hizo nyuzi ndizo zinazoingia kwenye ngozi, ndiyo maana ninajikuna mpaka kanisani.

Sasa neno langu. Uliniambia mtumbwi wa pombe wa marehemu baba umepasuka, na hamjui mtakanyagia wapi ndizi za pombe ya karamu ya kumaliza msiba wake mwezi wa nane. Usihangaike kuchongesha mwingine. Nitawatengenezea wa faibaglasi. Waambie wazee kwamba kitinda mimba wa marehemu anawaletea mtumbwi ambao vitukuu wao watakanyagia ndizi.

Mdogo wako,
Mutayoba


Kamachumu,
25 Aprili 1976

Mdogo wangu Mutayoba,

Milele amina, na marahaba. Anayeandika ni Specioza, maana unajua mkono wangu na kalamu havijawahi kupatana. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwomba aandike ninayosema tu. (Ninaandika anayosema. Mwandishi.)

Sisi ni wazima. Mvua imekuja, kahawa imechanua. Shangazi Wilhelmina anakusalimu. Miguu yake bado imevimba, ila ulimi umepona kabisa. Habari nyingine ni kwamba mwandishi wangu siku hizi anachoka mapema na hataki kunusa samaki, nawe una akili za kutosha. (Hili sikutaka liandikwe. Amelazimisha.)

Habari ya mtumbwi niliwapelekea wazee. Mzee Josephat aliuliza pombe itachachaje ndani ya kioo, maana mti unapumua na kioo hakipumui. Mwingine akauliza kama baada ya karamu tutavulia dagaa. Walicheka sana, nami nikacheka, kisha nikawaambia kwamba mdogo wangu anasoma kwa mtaalamu, na tangu utoto hajawahi kusema kitu asikifanye. (Hapa amesema uongo kidogo, lakini nimeandika.) Basi wamekubali. Sitachongesha mwingine. Sasa ukoo mzima unakungoja wewe, na baba huko aliko anangoja pombe yake. Ahadi ni deni, Mutayoba. Usiniaibishe.

Ndugu yako,
Rugemalira

Shemeji, hili ni swali langu mwenyewe. Kitu kilichotengenezwa kwa dawa, hakiachi dawa katika kinywaji? Nauliza tu. Mwandishi.


Mwanza,
18 Julai 1976

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee shangazi. Samahani kwa kukaa kimya. Mitihani imetukalia shingoni, na hata Jumapili tunashinda karakana. Mpe shemeji pole ya uchovu, na hongera nitampa nitakapokuja.

Mtumbwi umekwisha. Nimeukabidhi kwa watu wa meli leo asubuhi, utaupokea gati la Kemondo. Njoo na watu wawili tu, ni mwepesi mno, mtafikiri hamjabeba kitu. Niliutengeneza kwa kalibu ndogo ya kujifunzia, kwa hiyo una umbo la boti hasa, mbele umechongoka. Wazee wakitaka kuvulia dagaa, waambie ruhusa. Ndani nimeupaka rangi nyeupe ili uwe safi na wa kupendeza.

Mkiupokea uosheni kwa maji na sabuni mara tatu, muuache wazi upepo upite. Harufu ipo kidogo, ni ya upya, itaisha. Nilitaka kukaa nao wiki mbili zaidi, lakini meli haimngoji mtu, na karamu haiwezi kungoja meli. Mwambie mwandishi asiwe na hofu. Ikikauka imekauka. Wenzetu Ulaya wanahifadhia humo hata maji ya kunywa.

Kuja kwenye karamu sitaweza, mtihani wa mwisho ni wiki hiyo hiyo. Mnimwagie baba kata moja kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Mutayoba


Kamachumu,
2 Septemba 1976

Mutayoba,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Utanivumilia.

Mtumbwi ulifika salama. Watu walikuja kuushangaa siku tatu. Ndizi tulizikanyaga Alhamisi. Tukachuja, tukatia mtama, tukafunika kwa majani ya mgomba. Jumamosi asubuhi tulifunua, ikanuka. Pombe iliyoharibika naijua. Hii haikuwa hiyo. Ilinuka kama duka la rangi. Mzee Josephat alionja wa kwanza kama desturi ilivyo, akatema. Wengine walikunywa kwa heshima ya marehemu. Walitapika. Mzee Josephat alilala siku mbili. Kaburi la baba halikumwagiwa kitu. Watu walirudi makwao mchana.

Shangazi Wilhelmina alisema Ijumaa jioni alimwona Specioza juu ya mtumbwi. Mguu mmoja huku, mwingine huku. Unajua desturi ya ukoo wetu. Mwanamke hauvuki mtumbwi wenye pombe ya msiba, na mwenye mimba ndiyo kabisa. Wazee waliuliza. Specioza alikataa, akasema aliinama tu. Mimi sikuwa na la kusema.

Yuko kwao Muhutwe tangu Jumatatu iliyofuata.

Mtumbwi wako hauna kosa. Nimeuosha, nimeuegesha nyuma ya nyumba. Usihuzunike.

Rugemalira


Mwanza,
21 Novemba 1976

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata tangu Septemba. Kazi zilikuwa nyingi, nikawa nasema nitajibu Jumapili hii, nitajibu Jumapili ile, unajua mambo ya mjini. Pole sana kwa yaliyotokea, na pole kwa Mzee Josephat. Natumaini amepona kabisa.

Habari za huku ni njema. Nimefaulu mtihani, nimekuwa wa pili kati ya kumi na wawili. Cheti kitatolewa mwezi wa tatu, mkuu wa wilaya atakuja. Tena nimeteuliwa kuwa msaidizi wa mwalimu. Wamekuja wanafunzi wapya kumi, na Bwana Halvor amenipa shilingi yake ya kugongea kazi, ninatembea nayo mfukoni. Nimepanga chumba huku Kiseke, nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, ukikaa juu yake unaliona ziwa lote mpaka macho yachoke. Usingizi tu ndio siku hizi unanisumbua.

Kuhusu shemeji, kaka, mimi ni mdogo na si mahali pangu kukufundisha. Lakini mambo ya kuvuka mitumbwi ni ya zamani. Taifa zima linajenga ujamaa, tunaambiwa kila siku mwanamke na mwanamume ni sawa. Hapa karakana wanawake wanachanganya gundi na hakuna kinachoharibika. Mrudishe mkeo. Pombe huharibika kwa sababu nyingi. Labda ndizi hazikuiva vizuri, labda mtama ulikuwa na ukungu. Nani ajuaye.

Namtumia shemeji kitenge, mpelekee.

Mtumbwi msiutilie pombe tena. Unaweza kufaa kunyweshea mbuzi. Au hapana, hata mbuzi msiwanyweshee, uacheni ukae tu.

Mutayoba


Kamachumu,
9 Januari 1977

Mutayoba,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Hongera kwa kufaulu. Mzee Josephat amepona, ila hanywi tena pombe ya mtu.

Specioza amejifungua tarehe ishirini na nane ya Novemba. Mtoto wa kike. Nilikwenda Muhutwe kumwona. Niliketi uani, mama yake akaniletea mtoto. Ana masikio ya baba. Hajapewa jina. Kitenge chako nilikipeleka. Hakukifungua.

Wazee wamelegea. Wanasema arudi. Lakini kwanza asimame mbele ya ukoo aseme "niliuvuka", alete mbuzi, yaishe. Ni neno moja tu. Hata mimi nilimwomba alitamke ili tumalize. Alinijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nikisema niliuvuka, huyu mtoto atakua akiitwa binti wa mwanamke aliyeharibu pombe ya babu yake. Sisemi. Hata nikizeekea hapa sisemi." Baba yake ametuambia kwamba asiporudi kufikia Pasaka, atarudisha mahari. Hapo tutakuwa watu tusiojuana. Pasaka ni tarehe kumi Aprili.

Nyumba ni kimya. Naandika barua zangu mwenyewe, kama unavyoona. Hii imenichukua siku mbili.

Barua yako niliisoma mara tatu, maana nasoma polepole. Ulisema mtumbwi ufae mbuzi, kisha ukasema hata mbuzi wasinywe humo. Neno hilo nimekaa nalo.

Tena mwaka jana mwandishi alikuuliza swali. Wewe ulijibu habari za Ulaya. Sikuulizi kitu, Mutayoba. Nakukumbusha tu.

Rugemalira


Mwanza,
20 Februari 1977

Kaka yangu Rugemalira,

Shikamoo. Salamu za watu wote nitazileta mwenyewe nikikubaliwa kufika. Nakuomba barua hii uisome kwa sauti mbele ya wazee, mbele ya shangazi Wilhelmina, kisha uipeleke Muhutwe.

Specioza hakuharibu pombe ya baba. Niliiharibu mimi, nikiwa hapa Mwanza, wiki nne kabla ndizi hazijakanyagwa.

Mkeka wa kioo wa mtumbwi ule ulikuwa wa vipande vilivyobaki darasani, hivyo tuliruhusiwa. Gundi sikuruhusiwa. Niliikomba chini ya mapipa Jumapili mbili, watu walipokuwa misani, na hiyo ilikuwa mali ya umma. Dawa ya kugandisha inafungiwa stoo, mtunza stoo wetu Nkwabi anaipima kwa matone, na mimi nilikuwa na chupa ndogo niliyokusanya masazo. Nilianza kupaka upande wa mbele, dawa ikatosha. Nilipofika nyuma ikawa inakwisha. Badala ya kuacha, niliitandaza. Matone ya kopo moja nikayagawa kwa makopo manne.

Wiki nzima nilikuwa nakwenda kugusa. Mbele palikauka kama jiwe. Nyuma kidole kilinata. Nilijua maana yake, kaka. Ilikuwa somo letu la kwanza: kisichokauka kwa siku saba hakitakauka, kibomoe. Lakini mkeka mwingine nisingepata, na meli ilikuwa inaondoka, na nilikuwa nimekwisha kujigamba mbele ya ukoo mzima. Nikanunua rangi nyeupe, nikapaka mikono mitatu. Kwa nje ulipendeza. Gundi isiyokauka inatoa dawa yake polepole, na pombe inayochacha inaivuta kupita hata kwenye rangi. Hilo ndilo Specioza aliloniuliza, na mimi nikamjibu habari za Ulaya.

Nilipofika kwenye maneno "duka la rangi" katika barua yako ya Septemba, nilijua yote. Niliikunja nikaitia ndani ya kiatu. Kwa nini sikuandika? Niliogopa kunyang'anywa cheti. Nilimwacha mke wako akose nyumba yake ili mimi nisikose karatasi. Nimeitafuta sababu nyingine yenye sura nzuri zaidi, miezi mitano sasa, sikuipata. Hata kitenge kile nilikituma ili nipate usingizi, sikuupata.

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wetu mmoja, Suzana, binti wa Kisukuma kutoka Magu, aliniletea kazi yake. Nilikuwa natoa shilingi mfukoni nigonge. Akaniambia, "Mwalimu, usijisumbue kugonga. Huku pembeni dawa ilinipungukia, pananata. Nimeona nije nikwambie mwenyewe kabla hujagusa." Nikamwambia "bado", kama nilivyofundishwa. Alichukua nyundo akaenda kubomoa, wala hakununa. Nilisikia nyundo yake mchana kutwa, na kila pigo lilinichoma.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Halvor, Nkwabi akiwepo, nikawaeleza habari ya gundi na habari ya mtumbwi. Cheti changu kimezuiliwa. Nimetolewa ualimu, nimerudishwa benchi, ninakaa na Suzana na wenzake kuanza mafunzo upya mwaka mzima. Shilingi nimeirudisha. Bwana Halvor hakufoka. Alisema tu, "Mutayoba, bado."

Wazee wasiamini maneno yangu, maana yamekwisha kuwadanganya mara moja. Chukueni kisu. Nendeni nyuma ya mtumbwi, upande wa kushoto, kutoka pembeni mpime shubiri mbili. Kwangueni rangi mpaka iishe. Mtu abonyeze kidole gumba. Kisha mwagieni hapo maji ya moto, Mzee Josephat ainame anuse. Ataikumbuka.

Namwomba radhi Specioza. Simwombi anisamehe, hilo ni lake. Naomba tu asiambiwe tena na mtu yeyote kwamba aliuvuka mtumbwi.

Mdogo wako,
Mutayoba


Kamachumu,
27 Machi 1977

Mdogo wangu Mutayoba,

Marahaba. Sisi ni wazima, na sasa naweza kusema hivyo na kumaanisha.

Wazee walikusanyika Jumapili baada ya misa. Barua niliisoma mwenyewe, nikikwama mara kwa mara, na hakuna aliyecheka. Tulikwangua rangi pale uliposema. Mzee Josephat alibonyeza kidole gumba, akakitazama, akakifuta kwenye jani. Tukamwaga maji ya moto. Alinusa mara moja akaenda kukaa chini ya ukuta. Shangazi Wilhelmina akasema yeye aliona alichokiona. Mzee akamwambia, "Uliona mtu ameinama. Kuvuka ulimvusha wewe kwa mdomo wako." Shangazi tangu siku hiyo analalamikia miguu tu.

Kesho yake tulikwenda Muhutwe, mimi na Mzee Josephat na mbuzi. Safari hii mbuzi alitoka kwetu. Specioza alitupokea vizuri, akatupa viti. Aliiomba barua. Hakutaka nimsomee. Aliisoma kimya mpaka mwisho, mtoto yuko mgongoni, akaikunja. Nilidhani atalia au atacheka. Aliniuliza, "Na yako iko wapi?"

Mzee Josephat hakuelewa. Mimi nilielewa.

Sikia, Mutayoba, maana wewe hukuwa peke yako. Alhamisi ile asubuhi, kabla ndizi hazijatiwa, Specioza aliniita kando akaniambia mtumbwi unanuka, tuazime wa jirani. Nilimkatiza. Nilimwambia anataka kumwaibisha mdogo wangu mbele ya watu, kwa sababu ameolewa juzi na hajui ndugu ni nini. Hakusema tena. Ijumaa jioni alirudi kunusa mwenyewe, akainama, shangazi akamwona. Wazee walipouliza alikuwa anafanya nini pale, nilijua. Angeweza kusema "muulizeni mume wangu", na hakusema. Alinitazama tu, akangoja nifungue mdomo. Nilikaa kimya mbele ya watu wote.

Nilikuandikia kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo. Nilikuandikia kwamba mtumbwi hauna kosa, nikitumaini utaniambia ni kweli. Wewe ulikuwa mbali, Mutayoba. Mimi nilikuwa nimekaa naye jiko moja.

Aliniambia nisirudi Muhutwe mpaka niyaandike haya kwa mkono wangu, niwasomee wazee na shangazi, kisha nikutumie wewe. Jumatano niliwasomea. Ilikuwa ngumu kuliko kuisoma ya kwako. Mzee Josephat alisema ukoo wetu una wanaume wawili wenye kalamu na mwanamke mmoja mwenye pua, na kwamba angeanza kuoa upya angetafuta pua. Hapo ndipo watu walipocheka.

Specioza amerudi jana, na mtoto. Tumempa jina la mama yetu, Leonsia. Nilimwomba aniandikie barua hii, mkono umeniuma. Amekataa. Amesema atanisomea nikitaka, lakini kuandika nitaandika mwenyewe kuanzia sasa. Amekubali kuongeza mistari michache hapo chini.

Kaa benchi lako, usome vizuri.

Ndugu yako,
Rugemalira

Shemeji Mutayoba,

Barua hii nimeisoma na sijasahihisha kitu. Kitenge nimekifungua, kinambeba mtoto. Usifikiri ni zaidi ya hapo.

Mzee Josephat alitaka mtumbwi uchomwe moto. Nimekataa. Nimeuacha pale pale nyuma ya nyumba, rangi ikiwa imekwanguliwa, na kila nikienda kisimani napita kuugusa upande ule. Ni miezi minane sasa tangu utoke mikononi mwako, na bado unanata. Ukimaliza mafunzo yako njoo uguse na wewe. Nitakuwepo.

Mwandishi